Bibi Mrusi Aliyejua Kufa

Haya, mliokaa na mliosimama, mnaotafuna muhogo na mnaonitazama tu mdomo, nipeni masikio. Mwenye kikohozi akohoe sasa hivi amalize. Nataka kuwapa habari ya bibi mmoja wa Kirusi aliyekaa Lindi enzi za Mwingereza, mwimbaji wa wafalme, na jinsi alivyonisimamia siku ya harusi yangu. Wajukuu zangu wanasema babu anatia chumvi. Mimi sitii. Chumvi ilikuwemo tangu mwanzo, mimi nakoroga tu.

Nilikuwa dobi. Nimezaliwa juu milimani, Umatumbini, nikateremka pwani ndevu zinaanza kuota. Shule niliiona kwa nje, tena nikipita mbio. Lakini nguo naisoma. Nipe shati lako nikwambie juzi ulikula nini, umegombana na nani, na mkeo anakupenda au anakuvumilia. Pasi yangu ya mkaa ilikuwa nzito, nikiitua chini hapa Lindi, watu wa Kilwa wanashika kuta wakidhani tetemeko.

Huyo bibi alikuwa mzee wa nywele nyeupe, kifua kama tangi la maji ya mvua, anakaa nyumba ya kupanga karibu na ufukwe pamoja na mtoto wa dada yake. Yule mtoto wa dada alikuwa mpimaji kwenye mashamba ya mkonge, wiki nzima yuko shamba, bibi anabaki mjini na paka. Walikimbia kwao mfalme wao alipopinduliwa, wakapita nchi hii na nchi ile, mpaka wakatokea kwetu. Kiswahili alikiokota sokoni, akawa anakisema kama mtu anayetafuna kitu cha moto, lakini unamwelewa. Na sauti jamani. Akinyoosha shingo barazani kwake aite "Dobi," mimi niko mtaa wa Mtanda nafua, nasikia kama ananiita sikioni, na punda wa muuza maji anasimama palepale akidhani kaitwa yeye.

Mara ya kwanza kuniita kwa kazi kubwa ilikuwa mwisho wa masika. Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi, koga iliota mpaka kwenye ndevu za watu. Nikafika, shikamoo bibi, marahaba dobi, akaniingiza ndani, akafungua sanduku refu la bati. Likatoka harufu ya karafuu maiti, ile ile tunayomtilia mtu kwenye sanda. Nikasoma dua niliyoijua.

Akatoa gauni jekundu, zito kama godoro, limedariziwa nyuzi za dhahabu. Akalinyoosha mbele yangu, akasema taratibu kabisa, "Hili nililifia Kiev."

Nikalirudisha sandukuni.

Akalitoa tena, na la pili juu yake, jeupe. "Hili nililifia Odessa. Kisu. Hapa." Akanionyesha ubavuni, kuna alama nyekundu kweli. La tatu alilifia majini, mara nyingi, watu wakilia mpaka kwenye viti vya juu. La nne alilifia kwa sumu. La tano kifua kikuu, anakohoa na kuimba, anakohoa na kuimba. Mimi nimeshafika mlangoni. Nikamuuliza kwa adabu, bibi, samahani, na sasa hivi je, hali yako? Akacheka mpaka akaketi juu ya paka.

Ndipo akanieleza kazi yake. Kwao kulikuwa na majumba makubwa, ndani viti vyekundu, watu wanaingia wanakaa gizani kimya, mbele yao kuna jukwaa, na juu yake watu wanaishi kwa kuimba. Hawasemi. Mtu akitaka maji haombi kama mimi na wewe, anaimba maji, maji, ee maji, mpaka mwenye mtungi aingie naye aimbe kwamba maji yapo, halafu waimbe wote wawili, na kiu ile ile. Yeye aliiita opera. Mimi niliiita ngoma ya viti, maana nilimuuliza wachezaji wanacheza saa ngapi, akasema watu wanakaa.

Basi nikawa nikipeleka nguo, nikichukua nguo, napata kipande cha habari yake. Kila gauni na yake. Baba yake alikuwa mtumishi wa kanisa katika kijiji cha barafu, kazi yake kusoma na kuimba, na watoto wake wote waliimba ili wapate joto. Barafu ya huko, alisema, ukitema mate yanafika chini yakiwa jiwe. Mimi nikiwasimulia watu Mtanda nikasema ukisema neno linaganda, unaliokota unakwenda kuliyeyusha nyumbani ujue umeambiwa nini. Bibi mmoja tajiri wa huko akamsikia akiimba kanisani, akampeleka mji wa mfalme kwenye chuo cha waimbaji. Huko walimu walimwekea mshumaa mbele ya mdomo, aimbe, na mwali usitikisike. Mwaka mzima mshumaa. Nilijaribu nyumbani na kibatari, nikaunguza sharubu.

Alipomaliza chuo akakuta majumba makubwa yameshikwa na Wataliani. Wageni wanaimba sebuleni, wenyeji wanaimba jikoni, alivyosema yeye, tena kwa malipo ya jikoni. Akajiunga na kundi la mfanyabiashara mmoja aliyezungusha waimbaji mji kwa mji kando ya mto wao mkubwa. Wakafika mji mmoja jina lake kama mtu anapiga chafya, yule bwana akatoroka usiku, akawaacha pale na nguo za kifalme na njaa. Malkia, mtawala, na mchawi wakaenda kuimba kituo cha treni wapate chai. Mchawi ndiye aliyekula sana.

Baadaye mfalme wao mmoja akaamua wenyeji nao waimbe sebuleni. Milango ikafunguka. Bibi akapata nafasi ya pembeni kwenye jumba kubwa, anasimama nyuma na kikapu. Siku moja yule mwimbaji mkuu akashikwa na mafua, wakamtazama bibi, wakamvua kikapu, wakamvisha gauni la mwenzake likiwa bado na joto. Akafa vizuri kupita mwenye gauni. Kuanzia hapo wanafunzi walikesha nje kwenye barafu wapate viti vya juu kabisa, vya bei chini. Akitoka, wanafungua farasi wa gari lake, wanalivuta wao wenyewe mpaka nyumbani kwake.

Nikamuuliza, na farasi je? Akafikiri. Akasema miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kumuuliza habari za farasi. Mimi nadhani walirudi kwa miguu.

Kulikuwa na mwenzake mmoja mwenye wivu, alikuwa akiwalipa watu waketi juu wakohoe, tena wakohoe pale pale bibi anapokata roho. Bibi naye akajifunza kufa kwa sauti kubwa zaidi. Ndiyo maana sauti ile, kumbe. Na kulikuwa na usiku wa mwimbaji mmoja mmoja, usiku wake peke yake, maua yanatupwa, vikuku, mikufu, kama sisi tunavyomtuza mwimbaji akikolea, ila kwao wanakutupia kutoka mbali, ujilinde macho.

Halafu ikaja baridi moja aliimba na homa. Sauti ya juu ikavunjika. Wakampa sehemu za mama wa binti. Halafu za yaya. Halafu za mtu anayekuja kusema chakula tayari. Hakulia akinisimulia hayo, alikuwa anakunja gauni, anaweka ukindu wa kuzuia mikunjo, anasema tu kwamba miaka mingi, mingi sana, hakuna aliyemwomba kuimba. Nami nikapuliza mkaa wangu.

Sasa njooni kwenye harusi.

Pale Mtanda kulikuwa na binti aliyeleta kanzu ya baba yake niifue. Nikaifua. Akairudisha, akasema haijatakata. Nikaifua tena, nyeupe mpaka ukiiangalia unaona kesho. Akairudisha. Mara ya tatu nikamwambia, dada, hii kanzu ikifuliwa tena baba yako atavaa harufu tu, kama una neno sema. Akasema, "Na wewe kama una neno mbona unafua tu?" Nikapeleka posa.

Baba yake mtu mpole, alikubali siku hiyo hiyo, nafikiri alichoka kukaa bila kanzu. Mama yake ndiye mlima. Mzaliwa wa Kilwa Kisiwani, kaolewa Lindi, na Lindi nzima hakuna mwanamke aliyemshinda kuongoza nyimbo za wanawake. Akikuimba leo, wajukuu zako watazaliwa na aibu. Lakini hakunichukia. Alichonishikia ni kitu kimoja, akaniambia mbele za watu: "Kijana, wewe mzuri, kazi unayo, lakini huna watu. Kesho wewe na mwanangu mkigombana, nani atakuja kusuluhisha? Pasi yako?"

Kweli sikuwa na watu. Mama alishafariki. Shangazi yangu yuko milimani, miguu haimpeleki hata kisimani. Na ninyi mnajua mlango wa harusi ulivyo. Nikaha inapita kwa shehe na baba wa binti, wanaume wamemaliza, lakini bwana harusi akifika nyumbani kwa mkewe anakuta wanawake wa upande wa mke wamefunga mlango. Wako ndani wanamwimba. Wanawake wa upande wake wako nje wanajibu. Wale wa nje wakijibu vizuri mpaka wa ndani waridhike, mlango unafunguliwa. Wakikwama, unakaa juani.

Mama mkwe akaongeza lake. Mdogo wake wa kike alikuwa amekuja kutoka Kilwa Kisiwani kwa ajili ya harusi, chombo chake cha kurudi kinaondoka kesho yake asubuhi. Akasema ikilia adhana ya magharibi na mlango haujafunguka, binti anaondoka na mama yake mdogo, akakae huko kisiwani mpaka mimi nipate watu wa kunisemea. Mpaka lini? Mpaka nipate. Yaani niwe na mke, lakini mke yuko kisiwani, na mimi niko Lindi nafua kanzu ya baba yake.

Rafiki yangu seremala akanipa mkewe anisemee. Mwanamke wa Kimakonde, hodari, ila peke yake. Mmoja nje, na ndani wamejaa mpaka darini.

Nikapeleka nguo kwa bibi Mrusi, uso wangu umekunjamana kuliko mzigo. Akauliza. Nikamwambia. Nilikuwa nasema tu, kama mtu anavyosema mbele ya ukuta. Yeye akaweka kikombe chini. Akauliza, watu wangapi wanasikiliza? Wote wa mtaa, bibi. Ndani au nje? Pande zote. Kuna mlango katikati? Upo. Akauliza kama jua litakuwa mbele yake au mgongoni. Nikaona amekaa wima kuliko siku zote, hata tangi la maji limejaa.

Nikamweleza kwamba si kuimba tu, ni kujibizana, wakikutukana kwa wimbo nawe uwatukane kwa wimbo, na kwa heshima. Nikajaribu kumfundisha ubeti mmoja. Tulikaa mpaka paka akaondoka. Maneno yanamtoka yamegeuka, tusi linakuwa salamu. Mwisho akanishika bega.

"Dobi, mimi sijui kutukana," akasema. "Mimi najua kufa."

Nikamwambia bibi, inatosha, wewe njoo ukae upande wangu, waone kuna mtu mzima. Nia yangu ilikuwa hiyo tu. Akanipa gauni jekundu la Kiev nilipige pasi.

Siku ikafika. Nikaha ilipita adhuhuri, baada ya alasiri tukaenda nyumbani kwa binti: mimi ndani ya kanzu niliyoifua kwa mikono yangu, seremala na mkewe, wanaume wachache wa kazini, na bibi Mrusi katikati na mwavuli, gauni linafagia mchanga, kiti chake amebebewa nyuma. Watoto walitufuata wakidhani gavana.

Mlango umefungwa. Ndani kukaanza vigelegele, halafu sauti ya mama mkwe, nyembamba kama wembe:

*Dobi ameshuka mlima,*
*kaja na pasi na maji.*
*Shangazi yuko wapi, dobi?*
*Umemfua kapungua?*

Watu wakacheka mtaa mzima, nami nikacheka, lilikuwa zuri. Mke wa seremala hakuchelewa:

*Shangazi yuko mlimani,*
*anamtandikia mkamwana.*
*Mlango huu kauchonga mume wangu,*
*nikitaka nitauomba ufunguke.*

Vigelegele nje. Lakini mama mkwe alikuwa na hazina. Akaimba habari za Wamatumbi wanaoogopa bahari mpaka ya kwenye bakuli. Akajibiwa. Akaimba kwamba mlango wa mninga hautoboki kwa bluu ya kufulia. Akajibiwa, ila kwa kuchelewa. Akaimba habari ya sharubu zangu zilizoungua, sijui nani alimpelekea. Mke wa seremala akafungua mdomo, akafunga. Akafungua tena, hakuna kitu. Alinitazama kama mtu aliyeingiza ndoo kisimani ikatoka na mchanga.

Kivuli cha nyumba kimeshavuka njia. Ndani sasa wanaimba wimbo wa chombo, chombo cha asubuhi, funga mzigo mwanangu tunavuka. Mama mdogo ndiye aliyekuwa anauimba, na mashairi hayakuwa na kosa hata moja.

Bibi Mrusi akakunja mwavuli akampa seremala. "Sasa mimi," akasema.

Akaenda mpaka karibu na mlango, kiti kikawekwa, akaweka mkono mmoja juu ya mgongo wa kiti. Akaanza chini kabisa, kama mtu anayesema na moyo wake. Maneno hakuna aliyeyajua, Kirusi kitupu. Ndani waliendelea kidogo na chombo chao, halafu mmoja akaacha, na mwingine akaacha. Sauti ikapanda. Wanaume waliokaa barazani wakasimama bila kuambiwa. Mzee aliyekuwa anatia udhu jirani aliacha kata imwage maji yote. Sauti ikapanda tena, ikafika pale ilipovunjika zamani, nikasikia inavunjika, na bibi hakurudi nyuma, alipita na vipande vyake akaenda juu zaidi. Wallahi mbwa wa Mtanda, wabishi wale, walilala chini. Mabati yaliimba. Wapo wanaosema walimsikia mpaka Songo Mnara, kule Kilwa, mimi sibishani nao.

Halafu akashika kifua. Akaachia kiti. Akapiga hatua moja kuelekea mlangoni, mkono mbele kama anabisha hodi kwa mtu asiyemfungulia, akapiga ukelele mmoja mrefu, mrefu, ukashuka, ukawa uzi, na yeye akashuka nao, goti, kiganja, bega, mpaka akalala kwenye mkeka uliokuwa mbele ya mlango.

Mimi ndiye niliyelipiga pasi gauni lile. Nimeambiwa kwa mdomo wake kwamba alilifia na akaamka. Na bado nilisema moyoni, innalillahi, nimemuua bibi wa watu.

Sasa ninyi ni watu wa pwani, mnajua ukelele wa msiba unavyotufanya. Hakuna anayeuliza nani. Unakimbia kwanza, unauliza ukifika. Mama akiwa anakaanga samaki anaacha samaki, akiwa na ugomvi anaacha ugomvi. Ndani nikasikia komeo linavutwa, kwa nguvu mpaka likang'oka, na mlango wa mninga ukafunguka wote. Wakatoka wanawake wamejifunga khanga viunoni, mikono kichwani, kilio kimeshaanza. Wa mbele yao wote alikuwa mama mkwe. Akapiga magoti mchangani na nguo zake za harusi, akampakata bibi kichwa mapajani.

"Mama wa watu," alikuwa analia, "kaja kumsemea kijana asiye wake, kafia mlangoni kwangu. Na mimi nilikuwa namwimbia sharubu."

Machozi yale yalikuwa ya kweli. Tangu siku ile yule mama sijapata kumwogopa, nampenda tu.

Mimi lile wimbi la wanawake lilinibana kwenye mwimo wa mlango. Sikufanya ujanja. Walitoka wengi, pakawa na nafasi ndani, na nje hakuna, mtu anakwenda penye nafasi. Mguu wangu mmoja ukawa umevuka kizingiti.

Hapo bibi akafumbua jicho. Akaona watu walivyomzunguka, wengi, wanalia. Nadhani ndicho kitu alichokuwa hajakiona miaka yote ile. Akainuka taratibu, akajifuta mchanga, akaweka mkono kifuani, akainama. Akawainamia wa kulia, akawainamia wa kushoto.

Walikimbia jamani. Mama mdogo wa kisiwani aliingia kwenye banda la kuku, akajifungia. Mke wa seremala alimkumbatia mumewe hadharani, kitu ambacho hakikuwa kimetokea kabla na hakikutokea tena. Mama mkwe peke yake hakukimbia, kwa sababu bibi alikuwa amekanyaga khanga yake.

Alipopata pumzi akageuka, akaniona nilivyosimama, mguu ndani, mguu nje. "Dobi, toa mguu," akasema. "Mlango huu umefunguliwa kwa kilio. Haujafunguliwa kwa harusi."

Nikasema mama, mlango ukifunguliwa si umefunguliwa? Akasema haujafunguliwa. Wanaume wakaanza kusema hiki na kile, wengine upande wangu, wengine wanasema kweli, kilio hakihesabiki. Jua linakwenda. Ndipo akasogea jirani yao, bibi mmoja wa Kimwera, mzee sana, anatembea na fimbo mbili. Akauliza swali. Mtu anayekwenda kwenye nyumba ya wenzake, akalala chini akajifanya maiti, wenyewe wakilia yeye anaamka, huyo anaitwa nani?

Watu wakatazamana. Kila mtu anajua. Kwenye misiba yetu yupo mtu wa namna hiyo, analala kwenye kitanda cha maiti, anavaa nguo za marehemu, anachekesha wafiwa, na hakuna wa kumgusa.

"Mtani," wakasema.

Basi, akasema yule mzee. Mimi nilikuwa sijui kuwa Warusi ni watani, leo nimejua. Huyu ni mtani, tena aliyefundishwa. Na amekuja na huyu kijana. Sasa nani anasema kijana hana watu?

Mama mkwe alimgeukia bibi Mrusi, kwa heshima sasa, akamuuliza huyu dobi ni nani kwake. Bibi akafikiri, anatafuta Kiswahili chake.

"Nguo zangu zote nilizofia," akasema, "yeye ndiye anazishika."

Nikaona wale kina mama wakitikisa vichwa kukubali. Kwetu nguo za aliyekufa hashiki mtu wa njiani, anashika mtu wa ndani kabisa. Mama mkwe akamuuliza tena, na hawa wawili wakigombana, utakuja kusuluhisha? Bibi akasema atakuja, na kiti chake atakuja nacho.

Bado mama akasimama pale, anatazama mguu wangu, anatazama komeo lililong'oka. Ni mtu wa neno lake, na neno alishalisema mbele ya watu. Mwadhini tumemwona anapita kwenda msikitini.

Ninyi mnajua bibi harusi siku ile hasemi. Amefunikwa, ameketi chumbani kwenye kitanda, hata siafu amuume haruhusiwi kusema aa. Somo yake, mwanamke aliyemfunda, yuko ubavuni kumziba mdomo. Tukasikia huko chumbani purukushani, kitu kama somo anasukumwa, halafu sauti ya mke wangu, ile iliyoniingiza mguu wa pili kabla ya adhana, ikatoka wazi kabisa, Mtanda yote inasikia:

"Mama, mwacheni mume wangu aingie, ila bibi afe tena, mie nilikuwa huku ndani sikuona kitu."